Siku Tuliyotafuta Chumvi Nansio

Juzi nilikwenda Kagongwa kununua mashudu ya ng'ombe. Kijana wa ghala aliponifungulia mlango, harufu ya mbegu za pamba ikanijia usoni, ile harufu ya mafuta na vumbi la moto ambayo watu wa rika langu mnaijua tangu enzi za kupeleka pamba sokoni kwa kichwa. Nikasimama mlangoni na magunia yangu matupu mkononi. Kijana akaniuliza, "Bibi, kichwa kinakuuma?" Nikamwambia hapana. Kweli hakikuniuma. Hakuna kilichoniuma. Mama yangu alikuwa na miezi minne kaburini na tangu tumzike sikuwa nimetoa chozi. Si kwamba nilikuwa nayazuia machozi, hayakuwepo tu. Majirani walisema nina moyo mgumu, na mmoja akasema ni ile damu nyingine. Nilinunua mashudu nikarudi nyumbani Samuye, na njia nzima nikawa naiwaza siku moja tu, siku ambayo mimi na mama tuliizunguka Nansio tukitafuta chumvi.

Baba yangu alikuwa Mzungu. Nalisema mapema ili msihangaike kulitafuta. Alikuwa na shimo lake la dhahabu upande wa Geita, kinu kidogo cha kusagia mawe, na vibarua wachache. Watu walimwita Bwana Nyundo kwa sababu hakuonekana mahali bila nyundo yake fupi ya kupasulia mawe. Mama alifika pale kutoka Samuye akimfuata kaka yake, mjomba Shija, aliyekuwa mchimbaji. Akawa mpishi wa Bwana Nyundo, kisha nikazaliwa mimi. Zaidi ya hapo hakuna aliyenieleza, na zamani mtoto hakuuliza.

Nilikuwa na majina mawili. Mama aliniita Kabula kwa kuwa nilizaliwa siku ya mvua. Baba aliniita Meri. Yeye naye nilimpa majina mawili. Tukiwa wenyewe nilimwita Baba. Wakija Wazungu wenzake nilimwita Bwana, kama mama alivyomwita siku zote, na nilikaa jikoni hadi gari lao liondoke. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo, kwamba kila mtu ana jina la sebuleni na jina la jikoni.

Alinipenda. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, ingawa leo haliniwashi wala halinipozi. Jioni alinikalisha kwenye ngazi za baraza akanionyesha mawe, hili lina kitu, hili halina, na nilipopatia alinipa donge la sukari. Mama hakuwa hivyo. Hakuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa michezo wala wa maneno. Wenzangu walirushwa juu na mama zao, walifichwa macho, walitekenywa. Mimi nilioshwa, nikalishwa, nikasukwa nywele. Na chochote alichoambiwa mama, awe ameambiwa na Bwana au na wakubwa wake wa Samuye, jibu lake lilikuwa moja: "Sawa."

Mwaka ule, vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha zamani kidogo, dhahabu kwenye shimo letu ilikatika. Vibarua walipungua mmoja mmoja. Kinu kikanyamaza. Mjomba Shija akarudi Samuye kulima. Nilimwona baba akitoa kitanda chake, meza, na hata mbwa wetu, akampa nyapara. Nilimuuliza mama kwa nini mbwa ameondoka. Akasema, "Ameshiba hapa." Nikaridhika.

Kisha baba akaja jikoni na habari ya motaboti. Alikuwa nayo kwa muda, ikilala Nungwe ziwani, lakini sikuwahi kuipanda. Akasema kwa Kiswahili chake, "Kesho kutwa sisi nakwenda Nansio. Meri taona visiwa. Taona mji."

"Sawa, Bwana," mama akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Nilikuwa na miaka sita, au saba. Sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi ya safari baba alibeba sanduku jipya la bati, la bluu, na kunionyesha kilichomo: gauni mbili, sweta, soksi, na viatu vyeusi vilivyonizidi vidole viwili. Nilifikiri ndivyo watu wanavyosafiri kwenda kutembea. Mama alikuwa na furushi lake la kanga, basi.

Tulishuka Nungwe kwa lori la mtu. Motaboti ilikuwa nyeupe, na ndani yake kulikuwa na mabenchi mawili na turubai la kukinga jua. Aliyeiendesha alikuwa Majura, Mkerewe mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya sufu hata juani. Alinibeba juu ya maji ili nisilowe, akanikalisha, akasema, "Kaa katikati, binti. Chombo hakipendi mtu wa pembeni." Akavuta kamba mara tatu, injini ikakohoa, ikashika. Moshi wa petroli ukatuzunguka, na ufuko ukaanza kwenda.

Sijui niwaeleze vipi furaha ile, maana naikumbuka vizuri lakini siisikii tena. Maji yalikuwa mengi kuliko nilivyojua kwamba kitu kinaweza kuwa kingi. Mnandi, wale ndege weusi wa ziwani, waliketi juu ya mawe na mbawa wamezitandaza kama nguo zilizoanikwa. Tulipita visiwa vidogo vya mwamba mtupu, halafu vingine vyenye msitu hadi majini. Baba aliniweka mbele yake, mikono yangu kwenye usukani na mikono yake juu ya yangu. "Meri nahodha," akasema, na Majura akacheka, akasogea pembeni. Kila kisiwa nilitaka kujua jina lake, na Majura alinitajia, na vingine nadhani alivibuni. Nilichota maji kwa kiganja nikanywa, yalikuwa na ladha ya majani. Mama aliketi benchi la nyuma akiutazama upande tuliotoka. Hakugeuka. Nilifikiri anaogopa maji.

Siku ya kwanza tulifika kisiwa cha Kome, Majura akafunga kamba kwenye mwamba na baba akapiga hema. Jua lilikuwa bado juu ya maji wakati mama alipokuwa akichoma samaki. Baba aliketi kwenye jiwe karibu naye, akaongea naye muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea naye. Nilikuwa nachezea kokoto hatua chache kutoka pale, nikasikia vipande.

"Pale iko masista. Nyumba mzuri. Watoto wengi kama yeye, rangi kama yeye. Tapata kitabu, tapata viatu. Hapa nani tamuoa? Nani tampa kazi?"

Mama akageuza samaki.

"Mimi napita naye mpaka Kisumu, nafikisha kwa masista, ndiyo mimi nakwenda kwetu. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Bwana."

"Ni vizuri kwa yeye."

"Sawa, Bwana," mama akasema.

Nilidhani wanamzungumzia mtoto wa mtu. Nikamhurumia kidogo yule mtoto, anayepelekwa kwa masista, kisha nikaenda kula.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, tukaiona Nansio. Kwanza mabati yaking'aa, kisha gati refu limeingia ziwani, na meli nyeupe imeegama ubavuni mwake, ikitoa moshi mwembamba. Nilikuwa sijaona meli, na ile nilidhani ni nyumba iliyojengwa majini. Kulikuwa na mitumbwi iliyojaa machungwa, wanawake wa Kikerewe wakishusha mikungu ya ndizi, wapagazi wakikimbia na marobota ya pamba mgongoni, na harufu ya ningu, samaki wa ziwani, waliokaushwa. Nilimshika baba suruali. Nilitaka kuona kila kitu kwa wakati mmoja.

Baba alivaa koti. Alisema anakwenda kumkabidhi motaboti mfanyabiashara mmoja wa pamba aliyeinunua, kisha atapita ofisi ya meli. Akaangalia saa yake. "Meli naondoka saa nane. Nyinyi ngoja hapa na sanduku."

Mama akasema, "Bwana, nyumbani chumvi imekwisha. Nimpeleke mtoto nikanunue, tutarudi."

Baba akafikiri. Akaniangalia, akaona jinsi ninavyorukaruka. "Haya. Meri aone mji. Usichelewe."

"Sawa, Bwana."

Mama akaweka furushi kichwani, akanishika mkono, tukaingia mjini. Majura alibaki amekaa juu ya sanduku langu la bluu akituangalia.

Niwaambie ulivyokuwa mji ule machoni pangu. Ulikuwa hauna mwisho. Tulipita duka la Mhindi lenye vitambaa vilivyoning'inia mlangoni, mama akauliza chumvi, akaionja kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa, tukatoka. Tukapita nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro wenye bata na maji ya kufulia, tukatokea mtaa mwingine. Duka lingine, chumvi nyingine, akaionja, akatikisa kichwa. Tukapita kwa mafundi wa cherehani watano wamekaa barazani wakikanyaga kwa pamoja. Tukapita mgahawa wa Mwarabu, akaninunulia andazi. Tukapita msikiti, tukapita mti wenye popo mchana kweupe, tukapita tena uchochoro wenye bata, na mimi nikasema, "Mama, huku nako wana bata." Akasema, "Ndiyo, wanafuga sana."

Mkono wake ulikuwa na jasho. Alitembea kwa haraka lakini bila kukimbia, na kila tulipofika mwanzo wa mtaa alisimama kwanza, akachungulia, ndipo tukapita. Nilifikiri ndivyo watu wanavyotembea mjini. Nilianza kuchungulia na mimi.

Duka la nne au la tano nilimwambia, "Mama, hii nayo ni mbaya?"

"Ina mchanga."

"Na ile?"

"Tembea, Kabula."

Meli ikalia. Sijawahi kusikia kitu kama kile, kilipita tumboni. Mama akasimama katikati ya njia, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanivuta kuelekea jengo refu la bati lililokuwa na mlango wazi. Lilikuwa ghala la pamba. Mzee mmoja alikuwa anashona gunia pale mlangoni kwa sindano kubwa iliyopinda.

"Shikamoo, baba," mama akasema. "Mtoto jua limemchoma. Tunaomba kivuli."

"Marahaba. Kaeni. Msipande juu ya marobota."

Hatukupanda. Tulikwenda nyuma yake. Kulikuwa na mwanya kati ya marobota na ukuta, na kwenye ukuta bati lilikuwa limeachana kiasi cha vidole vitatu, ukaweza kuona barabara. Chini kulikuwa na pamba iliyomwagika na mbegu zake, ya moto, ya mafuta. Mama akaketi, akaniketisha. Akaweka mikono yake juu ya magoti.

"Tutakaa hapa," akasema. "Mtu akikuita, usiitike."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Lakini nilielewa, au nilidhani nimeelewa, na moyo wangu ukajaa. Mama anacheza. Mama ambaye hakuwahi kucheza na mimi hata siku moja, leo, Nansio, ananificha kama mama za wenzangu. Na atakayetutafuta ni Baba. Nikajibana kwenye ubavu wake, nikaweka viganja vyangu viwili mdomoni kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshanifika kooni.

Meli ikalia mara ya pili. Baada ya muda nikamwona Majura kupitia ule mwanya. Alikuja polepole, akasimama mlangoni, akamsalimu mzee, akaingia hatua mbili. Akatazama marobota. Nina hakika aliiona kanga ya mama, maana ilikuwa nyekundu na ncha yake ilikuwa nje. Akasimama kimya kama mtu anayesubiri macho yazoee giza. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na mtu wa nje, "Hapa hamna mtu," akatoka. Nikakaribia kupasuka kwa kicheko. Majura naye yumo kwenye mchezo.

Kisha alikuja baba.

Alikuwa amevua kofia, na nywele zake zilikuwa zimelowa. Alisimama barabarani, mbele kabisa ya ule mwanya, karibu kiasi kwamba niliona kifungo cha koti lake kilichokuwa kinaning'inia. Akaita, "Meri!" Akageuka upande mwingine, akaita tena. "Meri! Meri!" Sauti yake ilipanda kila mara, na mara ya mwisho ilikuwa nyembamba, kama ya mtu mwingine. Watu walisimama wakamtazama. Nilimbana mama. Nilijing'ata viganja. Nilikuwa nashinda. Sikuwahi kushinda mchezo wowote dhidi yake, hata wa mawe, na sasa nilikuwa nashinda.

Akatazama saa yake. Akatazama mtaa wote, juu na chini. Kisha akaanza kwenda kuelekea gatini, mwanzo akitembea, halafu akikimbia.

Meli ikalia mara ya tatu, ndefu. Tukakaa. Pamba ilinishika kwenye jasho la miguu. Nilianza kuchoka na mchezo, nikamuuliza mama kama tumeshinda. Tulikaa hadi Majura aliporudi, safari hii akaja moja kwa moja nyuma ya marobota, na sanduku langu la bluu mkononi. Akaliweka chini.

"Ameondoka," akamwambia mama. "Walitaka kuondoa ngazi, akapanda. Amesimama nyuma ya meli mpaka nimeacha kumwona."

"Wabeja," mama akasema. Kwetu ndiyo asante.

"Mimi sikuona kitu," Majura akasema.

Niliuliza, "Baba yuko wapi?"

"Amekwenda kwao," mama akasema.

"Atarudi lini?"

"Sijui."

Akaniinua, akanikung'uta pamba kwenye nguo, akamuaga mzee wa ghala. Tukatoka. Tulipofika duka la kwanza kabisa, lile lenye vitambaa mlangoni, mama akaingia, akanunua chumvi, hata hakuionja.

Majura alitutafutia nafasi kwenye mashua iliyopeleka machungwa Mwanza, na Mwanza tukapanda treni hadi Shinyanga, tukatembea hadi Samuye kwa mjomba Shija. Mama alimweleza mjomba maneno machache nje ya nyumba, mjomba akasema, "Karibuni," na yakaisha. Siku za kwanza nilimsubiri baba. Niliona haraka kwamba mchezo umekuwa mrefu mno. Wakati fulani, siwezi kusema siku gani, niliacha kusubiri, na pale nilipokuwa nikisubiri pakawa patupu tu. Hapakuuma. Pamekaa hivyo hadi leo. Watoto wa Samuye waliniita Mzungu, kisha wakazoea. Nililima, nilichunga, nilisoma madarasa manne ya misheni nikivaa vile viatu vyeusi, ambavyo vilinienea kwa mwaka mmoja. Barua haikuja, au kama ilikuja ilifikia machimboni, ambako hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Ni mjomba aliyenieleza, nilipokuwa msichana wa kuposwa. Tulikuwa tunapura mtama. Alisema kama jambo la kawaida, "Wewe ulikuwa uende kwa masista, mama yako akakuficha." Nikauliza masista gani. Akanieleza. Niliendelea kupura. Nilingoja hasira ije, au furaha, yoyote kati ya hizo. Jioni nilipika, tukala.

Nilirudi Nansio mara moja, nikiwa mama wa watoto watatu, nikifuata samaki wa kuuza. Nilikuwa nimewaambia watu miaka yote kwamba Nansio ni mji mkubwa kuliko Mwanza. Nilikuta mitaa miwili na gati. Nikatembea kutoka ghala hadi dukani, nikahesabu nyayo, hazikufika mia mbili. Tulikuwa tumezunguka pale pale, mara sita au saba, mbele ya bata wale wale.

Mama hakuwahi kulizungumza hadi mwaka wake wa mwisho, na hata hapo ni mimi niliyeanza. Macho yake yalikuwa yamefifia. Nilikuwa namkata kucha, mkono wake umelala juu ya goti langu. Nikamuuliza, "Mama, ungejua kwamba kule ningesoma, labda ningekuwa nesi, labda mwalimu, bado ungenificha?"

Alipapasa ukucha niliokwisha kuukata.

"Ningekuficha," akasema. "Lakini sikukushika, ng'wanone, mwanangu. Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka nini?"

"Nilikuambia usiitike, lakini sikukuziba mdomo. Mikono niliiweka magotini. Nilisema moyoni, hawa wawili wote wanaamua juu ya mtoto, Bwana na mimi. Basi acha mwenyewe aamue. Akimwona baba yake, akamwitika, nitampeleka gatini kwa mkono wangu, nimkabidhi." Akageuza uso wake kunielekea, ingawa hakuniona. "Alikuita mara tatu. Hukuitika. Ulijishika mdomo mwenyewe, kwa mikono yako. Nikajua umenichagua mimi. Mambo yote yaliyonipata baada ya pale, njaa ya mwaka ule, maneno ya watu, kila nikikumbuka mikono yako mdomoni, nilinyamaza."

Mkasi ulikuwa kwenye kidole chake cha pete. Nikaukata ule ukucha, taratibu, nikauweka na mwingine kwenye kitambaa.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akauliza.

"Ndivyo, mama," nikasema. "Nipe mkono mwingine."